Makumbusho ya Uingereza kwa Mwenye Kijumba cha Kupamba: Uzoefu Wangu

Nilinunua kijumba cha mawe huko Limuru, kimojawapo cha vile vilivyojengwa zama za walowezi pembezoni mwa mashamba ya majani chai. Kabla ya kukipamba nilikuwa na safari ya Uingereza iliyokwisha kupangwa, nikaamua kuitumia kutazama nyumba za watu wa kale badala ya kuzunguka madukani. Kwa hiyo tathmini hii inamfaa zaidi mtu mwenye vyumba vidogo, dari ya chini na baridi ya Julai ya kukabiliana nayo. Mwenye sebule pana ya mjini huenda asione faida kubwa humu, kwa kuwa nimeyapima makumbusho haya kwa swali moja tu: je, nilitoka na jambo la kwenda kumwambia fundi?

Lililonifaa kuliko yote ni Museum of the Home, lililoko Hoxton, mashariki mwa London. Limo katika safu ya nyumba zilizojengwa mwaka 1714 ili kuwahifadhi wazee wasiojiweza, na likafunguliwa kama makumbusho mwaka 1914, wakati mitaa ya jirani ilikuwa imejaa karakana za fanicha. Maseremala walihitaji mahali pa kuja kutazama kazi za waliowatangulia. Nyumba hizo zilijengwa kwa mali iliyoachwa na Robert Geffrye, mfanyabiashara ambaye sehemu ya utajiri wake ilitokana na biashara ya watumwa, na sanamu yake ilizua mjadala mkali mwaka 2020. Mgeni kutoka Afrika ni vyema aingie akilijua hilo.

Ndani, vyumba vimepangwa kwa mfuatano wa miaka kuanzia 1630, na kila kimoja kimewekwa kana kwamba wenyewe wametoka kidogo tu na watarudi, hivi kwamba unaona kiti kiko umbali gani na moto, meza imesogezwa dirishani kiasi gani, na kona ipi imeachwa gizani kwa sababu hapakuwa na haja ya kuiangaza. Duka la fanicha haliwezi kukuonyesha hayo, maana huko kila kiti kimepewa nafasi ya kuzungukwa pande zote, jambo ambalo katika chumba changu haliwezekani kamwe.

Nilisimama kwa muda mrefu mbele ya sebule ya mwaka 1976, ya familia yenye asili ya Karibi. Ipo radiogramu (redio iliyounganishwa na kicheza santuri katika kabati moja), zipo picha za familia, na vipo vitambaa vya kufuma. Wanawake wa Karibi walikuwa na desturi ya kuviloweka vitambaa vyao katika maji ya sukari ili vikikauka kingo zake zisimame wima kama petali. Yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Kikenya, ambamo mgeni haketi kabla kitambaa cha kochi hakijanyooshwa, ataitambua sebule hiyo papo hapo. Mpambaji mmoja wa Nairobi alikuwa amenishauri niondoe vitambaa vyote alivyofuma mama kwa kuwa eti vimepitwa na wakati. Baada ya kuona vitambaa vya namna hiyo vikitunzwa kwa heshima katika makumbusho ya London, nilimwarifu kwamba vinabaki.

La pili kwa manufaa ni Weald and Downland Living Museum, katika kijiji cha Singleton, kusini mwa Uingereza. Hapa wamekusanya zaidi ya majengo 50 ya zamani yaliyobomolewa kwa uangalifu yalikokuwa, kisha yakasimamishwa upya, boriti kwa boriti, mabondeni. Bayleaf, nyumba ya mkulima kutoka Kent, iliondolewa kwao kwa sababu ya ujenzi wa bwawa la maji. Ina ukumbi wenye moto katikati ya sakafu, haina dohani, na moshi hupaa hadi paani ujitafutie njia. Madirisha hayana vioo, bali nguzo za mbao na vibao vya kufungia. Mimi, hata hivyo, nilivutiwa zaidi na vijumba viwili vilivyoungana vya karne ya 19, viitwavyo Whittaker's Cottages, ambavyo kimoja kimepambwa kama kilivyokuwa na kingine kimeachwa uchi ili uone mbao zilivyounganishwa. Vyumba vyake ni vidogo kuliko vyangu, na bado kitanda, kabati na kiti vimeenea bila kugongana, kwa kuwa kila kimoja ni chembamba na kimebanwa ukutani.

Nilirudi na uamuzi kuhusu kuta pia. Fundi wangu alitaka kuzipiga plasta ya saruji, lakini ukuta mzee huhitaji kutoa unyevu wake, na saruji huuziba ndani. Tumetumia chokaa, ambayo watu wa Lamu wameizoea tangu kale, na harufu ya ukungu imepungua sana.

Victoria and Albert Museum, la London pia, lenyewe ni bahari, na mwenye kijumba anaweza kuzama humo asipate cha kuchukua. Nendeni, lakini nendeni moja kwa moja kwenye zulia la Ardabil, lililofumwa Uajemi mwaka 1539–40, lenye urefu wa zaidi ya mita 10. Taa zake huwashwa kwa dakika 10 tu kila nusu saa, ili rangi zisififie. Jua la nyanda za juu halina huruma kwa nguo, na ndiyo sababu zulia langu sasa liko mbali na dirisha la mashariki.

Kuhusu gharama, wakala mmoja wa safari aliniorodheshea tiketi za kuingia Hoxton na Victoria and Albert, ilhali kote kuwili hakuna kiingilio isipokuwa kwa maonyesho maalumu; kwa hiyo nilizikataa. Singleton hulipiwa. Hoxton hufungwa Jumatatu, nalo Victoria and Albert huwa wazi hadi saa nne usiku siku ya Ijumaa. Kwenda Singleton, panda treni hadi Chichester, kisha basi namba 60, na uvae viatu vya kutembelea matopeni.