Kozi ya sauti ya uhakika wa wokovu, nimeimaliza yote, nyota 4 kati ya 5

Bwana asifiwe wapendwa. Hii kozi ina masomo 8, kila moja kama nusu saa hivi, unasikiliza kwenye simu unajibu maswali halafu kuna mlezi anakujibu kwa meseji. Nimeimaliza jana usiku na naandika kwa ajili ya yule anayejiuliza kila siku hivi kweli mi nimeokoka au najidanganya.

Maana huyo ndo nilikuwa mimi. Niliokoka nikiwa na miaka 14, nikaongozwa sala ya toba, nikalia sana, nikarudi na furaha. Wiki mbili baadae nikamtukana dada yangu matusi mabaya na usiku ule nikawaza mtu aliyeokoka anaongeaje vile, nikapiga magoti nikaomba upya. Ikawa ndo maisha, kila mhubiri akiita watu mbele moyo unadunda na mimi naenda. Ndani ya jalada la Biblia yangu naandika tarehe, halafu ile ya mwanzo naikata kwa mstari. Ziko tarehe 11, 10 zimekatwa.

Somo la 2 ndo limenishika. Mwalimu anasoma 1 Yohana 5:13 anakaa kwenye neno moja tu, "mjue". Anasema angalia barua imeandikiwa nani, imeandikiwa watu ambao tayari wanaamini, sasa kama kila anayeamini anakuwa na uhakika hapo hapo Yohana angeandika ya nini? Nilisimamisha sauti nikakaa kimya, kwa sababu miaka yote nilijua kuwa na mashaka maana yake hujaokoka. Anaongeza kwamba hata Ungamo la Westminster la 1646, yaani tamko la imani la Wapresbiteri, sura ya 18 linakubali muumini wa kweli anaweza kusubiri muda mrefu na kupambana sana kabla hajaupata huo uhakika. Hilo sijawahi kulisikia popote jamani.

Somo la matunda nalo zuri. Limesema wazi kupenda ndugu na kushika amri ni dalili za uzima, sio bei ya kuununua, na hapo hapo likawakemea wanaosema nimeokoka basi naishi nitakavyo. Nililimaliza nikampigia dada yangu.

Sasa yaliyoniudhi. Somo la 4 wanasimulia John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti, kasisi tangu 1728, amehubiri mpaka Georgia Marekani bila amani, halafu tarehe 24 Mei 1738 kwenye kikao mtaa wa Aldersgate, London, anasikia utangulizi ambao Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, aliuandikia Waraka kwa Warumi unasomwa na moyo wake unapata joto, anajua amesamehewa. Ushuhuda mzuri, lakini wameishia hapo! Januari 1739, hata miezi 8 haijaisha, huyo huyo Wesley aliandika kwenye shajara yake kwamba yeye sio Mkristo. Kwa mtu kama mimi hiyo sehemu ya pili ndo dawa, bila hiyo nilikaa siku tatu natafuta joto moyoni na sikulipata, nikaanza kurudi kule kule kwenye kuomba upya.

Na Waebrania 6:4-6, ile inayosema walioonja kipawa cha mbinguni wakaanguka haiwezekani kuwafanya watubu tena, wameipa dakika tano. Ndugu zangu, wengi tunaokosa usingizi tunaukosa kwa sababu ya mistari hiyo! Wamesema wanaozungumzwa hawakuwa waumini wa kweli, basi, wakapita, wakati wanaofuata Wesley wanaisoma kama onyo kwa muumini kabisa na wanaofuata Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kikalvini uliofanyika Uholanzi 1618 hadi 1619, wanasisitiza Mungu huwatunza walio wake mpaka mwisho. Wangetuwekea pande zote mezani, sisi sio watoto.

Nikamwandikia mlezi usiku ule, meseji ndefu. Jibu lilikuja kesho yake jioni, ambayo kwa mtu mwenye hofu ni mbali sana, warekebishe hilo. Lakini jibu lenyewe nimelitunza. "Mwanangu, umeniandikia mistari 20 kuhusu wewe, na Yesu umemtaja mara moja. Soma Yohana 10:28-29 uniambie umeshikwa na mikono mingapi." Nikasoma. Mkono wa Mwana, halafu mkono wa Baba. Nikamjibu miwili mama, akaniandikia na wa kwako umeuona hapo? Nikalia, na sio kilio cha woga.

Masomo mawili ya mwisho ni ya kawaida, maombi na ushirika, na sauti ya somo la 7 ina mwangwi vaeni earphone.

Jumapili mhubiri ameita watu mbele, moyo ukadunda kama siku zote, nikabaki nimekaa na Biblia mapajani. Nyota ya tano nitawapa wakirekodi upya lile la Waebrania.