Kabla ya Kununua Mazabodi ya Hackintosh, Hesabu Poti za USB

Kwa wiki tatu Hackintosh yangu, yaani kompyuta isiyo ya Apple niliyoiwekea macOS, mfumo wa Apple, ilikataa kulala. Naizima usiku kwa kuilaza, skrini inakuwa nyeusi, feni zinanyamaza, nahesabu moja mpaka nne, na hiyo hapo imeamka tena kama mtoto mchanga aliyewekwa chini mapema mno. Siku ikikubali kulala hadi asubuhi, nakuta ujumbe unaonilaumu kwamba diski ya nje haikuondolewa ipasavyo. Na diski yenyewe ni ya USB 3, lakini ilikuwa inanakili picha kwa mwendo wa kobe.

Nilibadilisha RAM. Nikabadilisha pawa saplai. Nikaitukana kadi ya picha, maskini, ambayo haikuwa na kosa lolote. Mwishowe nikagundua kwamba tatizo ni mazabodi, bodi kuu inayounganisha vipande vyote, tena ile niliyoichagua mwenyewe kwa sababu moja tu: ilikuwa na matundu mengi ya USB.

Kwa hiyo hapa sizungumzii RAM wala kasha, hayo utayasikia kila mahali. Nazungumzia mazabodi za kuendeshea macOS, na nitang'ang'ania USB mpaka unichoke.

Kumi na tano, basi

macOS inahesabu poti zisizozidi 15 kwa kila kontrola ya USB, yaani chipu inayoziendesha poti hizo. Ukisikia 15 unaona ni nyingi, nani ana vifaa kumi na tano? Lakini mfumo hauhesabu matundu unayoyaona kwa macho. Tundu moja la bluu, lile la USB 3, ni poti mbili: moja ya mwendo wa zamani, nyingine ya mwendo mpya. Tundu la USB-C ni mbili au hata tatu, kutegemea lilivyounganishwa. Bluetooth iliyofichwa ndani ni poti. Na hizi taa za rangi zinazopendwa sana? Kwenye mazabodi nyingi kidhibiti chake kimefungwa kwenye USB ya ndani, kwa hiyo nazo zinakula poti.

Sasa nihesabie mazabodi yangu. Matundu sita ya bluu nyuma, poti 12. USB-C moja, mbili. Mawili ya mbele ya kasha, nne. Mawili meusi ya kibodi na kipanya, mbili. Bluetooth moja, taa moja. Jumla 22, zote kwenye kontrola moja ya chipseti, ile chipu kuu ya mazabodi. Saba zinabaki nje ya mlango, na si wewe unayechagua zipi. Kwa kawaida poti za mwendo wa zamani ndizo zinazosajiliwa kwanza na zile za USB 3 zinakuja mwishoni, ndiyo maana diski ya haraka inageuka kobe. Kuhusu usingizi, poti ya Bluetooth isipoandikwa kuwa ni ya ndani, macOS inaichukulia kama kifaa ambacho mtu anaweza kukichomoa wakati wowote, na kompyuta inaamka amka.

Zamani watu walikuwa wanawasha mpangilio wa XhciPortLimit kwenye OpenCore, programu inayoiwasha macOS kwenye mashine zisizo za Apple, kikomo kinaondoka, maisha yanaendelea. Tangu macOS 11.3 njia hiyo ilivunjika, na ukiilazimisha unaweza kubaki na mashine inayojiwasha upya bila kufika popote. Lazima uketi uchore ramani: poti ipi ibaki, ipi ife. Mimi niliua taa, nikafunga tundu moja la bluu, na manne nikayashusha yawe ya USB 2 tu. Nyuma limebaki moja la bluu lenye mwendo kamili, kwenye mazabodi niliyoinunua kwa ajili ya USB!

Kuna mambo mawili yanayookoa. La kwanza, mazabodi yenye kontrola ya pili, kwa mfano ya kampuni ya ASMedia, inapata 15 nyingine juu ya zile za chipseti. La pili wengi hawalijui: kama mtengenezaji ameweka habu, kile kigawanyi cha USB, ndani ya mazabodi, matundu yote yaliyo nyuma ya habu hiyo hayaingii kwenye hesabu, habu yenyewe ndiyo inayohesabiwa. Mazabodi mbili zinaweza kuwa na matundu sawa kabisa nyuma, moja ikakutesa na nyingine ikatulia.

Hapo ndipo nilipo na upendeleo wangu, nao siufichi: nanunua Gigabyte. Si kwa uzuri. Ni kwa sababu ukurasa wao wa sifa za bidhaa unaeleza USB zinatoka wapi: hizi ni za chipseti, hizi ni za prosesa, hizi ni za chipseti kupitia habu mbili. Unahesabu kabla hujatoa hela. Watengenezaji wengine wanakuandikia jumla tu, halafu wanakuonyesha picha ya taa.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza: prosesa za Intel kizazi cha 10, Comet Lake, kwenye chipseti ya Z490 au B460. Ndicho kizazi cha mwisho cha kompyuta za mezani ambacho michoro yake ya ndani, UHD 630, yaani sehemu ya kutoa picha iliyomo kwenye prosesa yenyewe, inatambuliwa na macOS. Faida yake utaiona siku kadi ya picha itakapogoma: unachomeka kebo kwenye mazabodi na bado unaona kitu kwenye skrini. Kwa hiyo kimbia prosesa zenye herufi F mwishoni, hizo hazina michoro ya ndani. Chaguo langu ni Gigabyte Z490 Vision D. Ina Thunderbolt 3, poti ya kasi kubwa, iliyojengewa humo humo na mtandao wa Intel wa kebo, na rangi yake nyeupe imenishinda kuichukia. Chipseti ya Z490 kwenye karatasi inaweza kubeba poti 26 kwa hiyo ramani bado utachora, ila unachora ukijua unachokichora.

Nafasi ya pili: kizazi cha 8 na cha 9, Coffee Lake. UHD 630 hiyo hiyo, tabia hiyo hiyo. Z390 inahitaji faili dogo la SSDT-PMC ili ikumbuke mipangilio yako baada ya kuzimwa, na watu wengi wanasahau kuliweka kisha wanalalamika kwamba kompyuta ina usahaulifu. Gigabyte Z390 Designare ikiangukia mikononi mwako kwa mtumba, usiulize mara mbili.

Nafasi ya tatu nilibishana nayo moyoni: Ryzen, prosesa za AMD. Kwa USB pekee ningeiweka ya kwanza, kwa sababu kwa kawaida poti zake zimegawanywa kati ya prosesa na chipseti, kila upande na kontrola yake, na kikomo cha 15 mara nyingi hukigusi. Lakini unabeba viraka vya kerneli, kiini cha mfumo, kila mahali, programu za kuendesha mfumo ndani ya mfumo zinazotegemea uwezo wa macOS wenyewe hazifanyi kazi, na baadhi ya programu za Adobe zinaanguka mpaka uzitibu kwa mkono. Kama kazi yako ni muziki na kuvinjari, chukua.

Ya nne ni Intel kizazi cha 12 kwenda juu. Ina nguvu, ndiyo, ila inabidi uidanganye macOS kwamba prosesa ni Comet Lake, na michoro ya ndani haifanyi kazi hata kidogo. Bila kadi ya picha umeketi mbele ya skrini tupu.

Za bei ya chini? Kompyuta za ofisini za mtumba, zile ndogo za Dell na HP za kizazi cha 8 mpaka cha 10. Zinawaka, poti zake ni chache, zinalala vizuri. Nafasi ya kuongeza kitu hakuna. Nimemaliza.

Kadi ya picha kwa ufupi: AMD tu. RX 6600, 6600 XT, 6800, 6800 XT na 6900 XT ziko salama. 6700 XT, iliyokaa katikati yao kama ndugu yao wa damu, haitambuliwi. Mfululizo wa 7000 wote hapana. Skrini ikiwa nyeusi baada ya nembo ya tufaha, ongeza agdpmod=pikera kwenye amri za kuwashia za OpenCore kabla hujaanza kulia. Kadi za Wi-Fi za Broadcom zilizosifiwa miaka yote zilikatiwa msaada kwenye macOS Sonoma ya 2023, kwa hiyo anayekuuzia leo kwa neno kwamba inafanya kazi bila kugusa chochote, muulize kwenye toleo lipi.

Jaribu kabla muda wa kurudisha haujaisha

Usingoje mpaka macOS ikamilike. Weka Windows kwanza, endesha USBToolBox, programu ya kuorodhesha poti, chomeka kifaa cha USB 2 na cha USB 3 kwenye kila tundu, andika. Ndani ya nusu saa unajua kama umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama macOS tayari ipo na mashine inajiamsha, fungua Terminal, andika pmset -g log, tafuta sababu ya kuamka. Ukiona XHC, ni USB, acha kubadilisha RAM.

Na wauzaji, Mungu awape moyo mwingine. Nilipomwandikia aliyeniuzia kuuliza USB zinatoka kontrola ipi, alinijibu kwa picha ya boksi. Nikauliza namba ya rev, ile iliyochapwa kwenye kona ya mazabodi, kwa sababu jina moja linaweza kuwa na matoleo mawili yenye chipu tofauti. Akanitumia picha ya boksi kutoka upande mwingine. Wako pia wanaouza mashine zilizokwisha kuundwa, "macOS tayari", kwa bei ya kukufanya ukae chini, na hakuna anayetaja kwamba leseni ya Apple inaruhusu macOS kwenye mashine za Apple tu. Kampuni ya Psystar ilijaribu biashara hiyo, Apple ikaishtaki mwaka 2008, na mwaka uliofuata mahakama ya Marekani ikaamua dhidi yake. Hawataji pia kwamba Tahoe ya 2025 ndiyo macOS ya mwisho kwa prosesa za Intel. Wanauza Z490 za mtumba kama vile mwakani zitazaa.

Mazabodi yangu ya taa bado ninayo. Muda wa kurudisha ulipita nikiwa bado naitukana kadi ya picha, kwa hiyo nimeiwekea Windows, na huko inalala fofofo.