Neti ya nyasi kwa poni mwenye kikohozi: rivyu baada ya miezi minne

Niseme mapema mimi ni saisi, si daktari, niko na farasi huku Karen, Nairobi, mwaka wa 12 sasa, na hii rivyu ni ya neti ya kuwekea nyasi, ile nyeusi ya kamba yenye matundu madogo, ilitutoka shilingi 1,800 duka la vifaa vya farasi. Najua mtu atauliza neti nayo iko na nini cha kuandikiwa rivyu. Ngoja.

Kuna poni wetu anaitwa Tangawizi, miaka 14, mwekundu, ndiye watoto wote wanajifunzia. Kila mwaka ikifika mwezi wa 5 masika yakielekea kuisha anaanza kukohoa. Si kikohozi cha kutisha, ni kuh, kuh, mara mbili tatu asubuhi akiwekewa nyasi, halafu tena akianza troti, zile mbio za polepole, hatua za kwanza, anavuta kichwa chini anakohoa na mtoto anabaki ameshikilia manyoya ya shingo. Madam, bosi wetu, akasema hiyo ni alaji (mzio) ya msimu, nyasi zinatoa maua baada ya mvua na hewa imejaa chavua. Na farasi wa hivyo wapo kweli, wengine huumwa wakiwa huko nje malishoni kabisa, kwa hiyo hatukubisha. Akanunua unga wa mitishamba wa kikohozi, mkebe mmoja 4,500, unanukia mikaratusi na kitunguu saumu, unachanganya vijiko viwili na pumba. Mikebe miwili ikaisha. Poni ananukia kama mtu aliyepakwa dawa ya mafua na bado anakohoa. Huo unga mimi siupi hata nyota moja, lakini si rivyu yake hii.

Daktari alipokuja alimpima joto, 37.9, hakuna homa. Akasimama kando anaangalia ubavu ukipanda na kushuka huku anatazama saa, akapata pumzi 24 kwa dakika na farasi aliyetulia anafaa awe kati ya 8 na 16. Halafu akatoa mfuko mkubwa wa plastiki (nikashtuka, tangu ile marufuku ya 2017 nilikuwa nimesahau mifuko inakaa vipi), akaushikilia mbele ya pua mpaka poni akaanza kuvuta pumzi ndefu ndefu, yeye na mashine yake masikioni anasikiliza mapafu. Akauliza kama tuko karibu na punda. Tuko, jirani anao watatu wa kubeba maji na wakati mwingine wanalisha pamoja na wetu. Kumbe kuna minyoo ya mapafu ambayo punda anaibeba bila hata kukohoa, anayeteseka ni poni. Basi tukampa ivermektini, dawa ya minyoo, kwanza. Kikohozi kikabaki vilevile.

Ndipo akaniambia leta robota moja la nyasi hapa nje kwa jua. Nikakata kamba, nikalifungua, na nikaona aibu. Moshi! Vumbi la kijivu limepanda hadi usoni, harufu kama nguo zilizosahaulika kwa beseni. Sisi hununua nyasi kavu za aina ya boma rhodes mwezi wa 2 ikiwa bei iko chini, tunapanga juu ya simiti tupu, na bati la stoo limetoboka pale kona, masika ikija inanyeshea upande ule. Yale ya juu tunamaliza mwezi wa 4, kwa hiyo mwezi wa 5 tunafikia ya chini yaliyonyonya maji. Kumbe msimu wenyewe ulikuwa stoo.

Akasema hiyo ni pumu ya farasi, mapafu yamechokozwa na vumbi na ukungu. Akampa steroidi za siku chache, kidogo tu, kwa sababu poni ukimzidishia anaweza kupata laminaitisi, ule uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato, na akasema wazi dawa ikiisha na vumbi liko pale pale tutaonana tena. Robota zenye ukungu tupa zote. Zile nzuri loweka, maana hata nyasi safi iko na vumbi.

Sasa neti. Najaza kama kilo 5, nazamisha kwa pipa la plastiki dakika 30, natundika kwa ndoano maji yachuruzike, halafu namwaga nyasi ndani ya hori iliyoko chini ardhini. Hapo mpaka mwenye duka hatukuelewana, yeye aliniuzia ya kutundika ukutani poni ale polepole. Kwa poni anayekohoa hapana, akila kichwa kikiwa juu anavuta vumbi na makohozi hayashuki. Na ukiitundika chini miguu itanasa. Kwa hiyo mimi naitumia kama chujio la kuloweka na kwa hiyo kazi ni nzuri sana, bila neti unavua nyasi kwa mikono mpaka unalia.

Makosa yake sasa. Ikilowa ni nzito ajabu, mgongo wangu unaijua. Kamba ya mdomoni ni nyembamba, asubuhi za mwezi wa 7 maji ni barafu na ile kamba inakata vidole. Mwezi wa pili mafundo mawili yalifunguka, nikafunga upya nikachoma ncha na kiberiti. Lakini mwenzangu zamu ya usiku alifanya kosa ambalo si la neti, aliloweka saa mbili usiku ili asubuhi apumzike, saa kumi na mbili nafika maji yamekuwa kama chai ya rangi na inanuka uchachu, poni akanusa akageuka. Loweka, lisha hapo hapo, isikauke tena, maji mwaga.

Kuna jambo moja bado linatusumbua. Poni wa pumu anafaa kulala nje kwenye hewa, na huku wakati wa mvua usubi wanauma kuanzia jioni hadi alfajiri na ndio wanaleta ugonjwa wa farasi wa Afrika, na ule hauna mchezo, kwa hiyo hata akiwa amechanjwa usiku tunamfungia. Tumebadilisha majani ya kulalia tukaweka maranda, nafagia yeye akiwa nje, na jirani yake wa chumba cha pili pia analishwa nyasi ya maji, maana vumbi halijui ukuta.

Wiki ya tatu nilihesabu pumzi mwenyewe, 14. Asubuhi anakohoa mara moja moja, siku zingine hakuna. Wako akiwa na homa, usaha puani au amekataa kula usianze na neti, mtenge na wengine uite daktari, hiyo ni hadithi nyingine.

Nyota 4. Ya tano nimeishika kwa sababu ya ile kamba. Juzi nimeagiza ya pili na nikamwambia kijana wa duka aniwekee na kamba nene kando, akaniuliza ya kufungia nini, nikamwambia vidole.