Hadhi ya mfanyabiashara mwaminifu wa forodha: ya kitaifa au ya Afrika Mashariki?

Mwagizaji wa Dar es Salaam anayetaka kuaminiwa na forodha ana njia mbili, nazo zote zinafuata mwongozo wa usalama wa Shirika la Forodha Duniani wa mwaka 2005. Hadhi ya kitaifa, inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, humpunguzia ukaguzi wa mizigo na kuharakisha utoaji wake bandarini. Ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatambuliwa pia na forodha za nchi wanachama wengine.

Wengi hukimbilia ya kikanda kwa sababu jina lake ni kubwa, lakini swali la kwanza ni mzigo unakwenda wapi. Kontena linalopita Rusumo kwenda Kigali linanufaika nayo, ilhali linalopita Tunduma kwenda Lusaka halinufaiki, kwa kuwa Zambia si mwanachama. Kwa anayeuzia Kariakoo tu, ya kitaifa inatosha kabisa.

Masharti yanafanana: rekodi safi ya kodi, hesabu zinazokaguliwa, uwezo wa kifedha na usalama wa mzigo. Hili la mwisho ndilo huwaangusha wengi, tena kwa mambo madogo. Mlinzi wa ghala la Barabara ya Nyerere anapofungua geti, je, anailinganisha namba ya lakiri, yaani kifungio cha mlango wa kontena, na iliyo kwenye nyaraka, au anatazama tu kama ipo? Wakaguzi huuliza daftari lake kabla ya kumuuliza mkurugenzi.