Windows Server Backup kwenye seva ya duka: uzoefu wangu wa miezi saba

Tuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Seva, yaani kompyuta kuu inayotunza data ya duka, ni moja tu, ipo chini ya meza ya mhasibu pamoja na UPS yake (betri ya akiba umeme ukikatika), inatumia Windows Server 2019. Kwa miaka mitatu bekapu yetu, yaani nakala ya akiba, ilikuwa flashi: mhasibu akikumbuka, ananakili; asipokumbuka, basi. Fundi mmoja alinitajia bei ya bekapu ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi, nikamwambia ngoja kwanza. Kumbe kifaa cha kuanzia, programu ya Windows Server Backup, tulikuwa nacho humo humo kwenye seva, ila hakuna aliyekiweka.

Maana hakiji kikiwa tayari. Unakiongeza kupitia Server Manager (dirisha la kusimamia seva), au unafungua PowerShell (dirisha la kuandika amri) na kuandika Install-WindowsFeature Windows-Server-Backup. Dakika chache kazi imekwisha.

Nikachagua kubekapu seva nzima kwenye diski ya nje ya TB 2. Hapa nilijikwaa. Ukiamua diski iwe ya bekapu peke yake, inafomatiwa, kisha haionekani tena kwenye File Explorer. Onyo linatokea, nami nikabofya ndiyo bila kusoma. Humo mlikuwa na picha za harusi ya mdogo wangu. Bahati yangu, nakala zake alikuwa nazo kwenye laptopu.

Ratiba inayopendekezwa ni saa tatu usiku. Sisi saa hiyo tumeshafunga duka na kuzima swichi kuu, kwa hiyo nikaisogeza saa saba mchana, nikaongeza na ya saa kumi na moja jioni. Ya kwanza ilichukua karibu saa nne. Zilizofuata ni fupi, kwa sababu inahifadhi mabadiliko tu.

Kilichonisaidia mara nyingi zaidi, lakini, ni nakala kivuli za folda (shadow copies), kifaa kingine cha Windows kinachotunza mafaili yalivyokuwa saa fulani. Ukiziwasha, zinajipiga saa moja asubuhi na saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka nakala 64 kwa kila sehemu ya diski. Jumamosi lazima uiongeze mwenyewe. Kijana wa stoo aliwahi kuifuta orodha ya bei na kuseivu juu yake. Nilibofya kulia, nikaingia kwenye matoleo ya nyuma, nikarudisha ya saa sita. Lakini zinakaa kwenye diski hiyo hiyo ya seva; diski ikifa, zinakufa nayo.

Jumapili moja nikaamua kujaribu kurejesha seva yote. Nilichomoa diski ya seva, nikaweka SSD (aina ya diski yenye kasi) mpya ya GB 480, nikawasha kwa flashi ya kusakinishia Windows na kuchagua ukarabati. Ikakataa. Diski ya zamani ni ya GB 500, na mpya haitakiwi kuwa ndogo kuliko ile, hata kama data yenyewe ni kidogo. Nikarudi duka la kompyuta kununua ya TB 1. Baada ya saa moja na ushee seva ikawaka, na ankara ya mwisho ya Jumamosi ilikuwepo. Siku hiyo hiyo niliandika amri ya reagentc /info nikakuta mazingira ya kujirekebisha ya seva yenyewe yamezimwa. Nikayawasha kwa reagentc /enable.

Kinachonikera: haitumi barua pepe bekapu ikishindwa, unaingia kuangalia mwenyewe. Na ukiielekeza kwenye folda ya mtandao, inabaki nakala moja tu ya mwisho, ile ya jana inafutwa. Ndiyo maana nilibaki na diski za nje, mbili, zinazopokezana. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kitaifikia iliyochomekwa, si ile iliyoko nyumbani.

Kwa bure, naipa nyota nne. Kila Ijumaa nabadilisha diski. Ya nyumbani inakaa kabatini kwenye vitenge vya mke wangu, naye ameibandikia karatasi: USIFOMATI.