Uzoefu wangu katika kliniki ya ngozi Kampala: je, ni choa, ukurutu au soriasisi?

Nilikwenda katika kliniki moja binafsi ya ngozi hapa Kampala kwa sababu ya mabaka ya viwikoni na kichwani, ambayo duka moja la dawa liliyaita choa (ugonjwa wa fangasi) na jingine ukurutu (ekzema), kila moja likiniuzia krimu yake. Ninachokitathmini hapa ni namna daktari alivyoyatofautisha magonjwa hayo, kwa kuwa ndiyo huduma niliyoilipia.

Alinitazama viwiko, magoti, kiuno kwa nyuma, kichwa na hata kucha, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Alinieleza kwamba soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu usioambukiza, husemwa kuwa nyekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huwa na rangi ya zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, hivyo anayetafuta wekundu ataikosa. Aliangalia zaidi kingo: baka la soriasisi huishia ghafla, huwa na magamba mazito yenye weupe wa fedha, na hupenda upande wa nje wa viwiko na magoti, ambapo ukurutu wa mtu mzima kwa kawaida hukaa ndani ya mikunjo na kingo zake hufifia. Muwasho hauamui, kwa kuwa yote mawili huwasha. Vishimo vidogo kwenye kucha zangu vilimwelekeza kwenye soriasisi.

Hata hivyo hakuridhika na macho. Alikwangua magamba kidogo, akayatia potasiamu haidroksaidi (kemikali inayolainisha magamba ili fangasi waonekane) juu ya kioo, kisha akayatazama kwa hadubini akitafuta nyuzi za fangasi, asizione. Krimu za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho), alisema, huweza kuufuta ule mduara wa choa huku fangasi wakiendelea kuenea chini yake. Kwa mtu aliyekwisha kupaka krimu kama mimi, kipimo hicho ni cha lazima. Aligusa mabaka kwa pamba pia, kwani ya ukoma huwa na ganzi.

Kasoro zipo. Ada ni kubwa, foleni haisogei, na bango la ukutani (ajabu kwa kliniki ya Kampala) lina picha za ngozi nyeupe tu. Kwa uchunguzi wenyewe, ningelipa tena. Ukienda, beba krimu zote ulizowahi kupaka, maana daktari atataka kusoma kilichomo katika kila moja.