Kizibo cha kubonyeza: usikitupe kabla hujakifungua

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nipo Njiro hapa Arusha, na mkononi ninacho hiki: kizibo cha sinki la kuogea, kile cha kubonyeza kwa kidole cha mguu. Bonyeza kinashuka, bonyeza tena kinapanda. Dukani kinang'aa, acha kabisa. Ila kwetu huku hilo sinki si la kuogea tu. Maji ya bomba yakikatika, ndiyo tangi la nyumba. Jioni umelijaza, asubuhi unakuta povu limekauka chini na ndoo ya kupikia chai huna.

Sasa kabla hujakimbilia dukani, ngoja nisogeze kamera. Kofia hii inafunguka. Ishike vizuri, zungusha kuelekea kushoto. Ikiteleza, vaa glovu ya mpira ya kuoshea vyombo. Chini ya kofia kuna shina, na springi imo humo ndani. Mnaona hiki cheusi? Nywele na sabuni, zimejisokota mpaka zimekuwa kamba. Kizibo hakishuki mpaka mwisho kwa sababu ya huu uchafu, halafu mtu anasema springi imekufa! Vuta na plaizi ya mdomo mrefu, sugua kwa mswaki wa zamani. Ule ukoko mweupe, loweka kwenye siki ulainike. Tindikali msiniletee, jamani: inakula ile rangi ya kung'aa.

Twende kwenye mpira. Hii pete nyembamba mafundi wanaiita oringi, na hii ndiyo inayozuia maji hasa. Ibonyeze kwa ukucha. Ikirudi kama ilivyokuwa, nzima. Ikibaki na alama, au ukiona nyufa, tupa, weka nyingine. Na wale wa kuipaka vaselini ili iteleze, acheni: mafuta yale yanavimbisha mpira. Tumia grisi ya silikoni.

Springi ikiwa imechoka kweli, unabonyeza kizibo kinadundadunda bila kushika, badilisha shina peke yake kama duka wanaliuza hivyo. Beba lile la zamani mfukoni, maana kuna mashina yenye uzi wa skrubu wa inchi 3/8 na kuna ya inchi 5/16, na kwa macho utadanganyika.

Maksi zangu? Kwa kuoga nakipa saba kwa kumi. Kwa kuhifadhi maji nakipa nne, sikopeshi hata moja. Pale nakichagua kizibo cha mpira chenye mnyororo, kile cha bei ya soda mbili tatu. Kina umbo la kuchongoka kuelekea chini, kwa hiyo maji yakijaa juu yake yanakikandamiza kikae zaidi. Hakina springi, hakina cha kuharibika ila mpira wenyewe. Kile kifuniko bapa cha silikoni, sawa kwa safari, lakini ukikikanyaga ukingo unanyanyuka na maji yameondoka.

Ukishafunga, jaza maji kidogo, weka alama ya kalamu usawa wa maji, kaa saa moja. Yakishuka na kizibo kimekaa sawasawa, basi yanapita pembeni, chini ya ile kola ya chuma iliyobana sinki. Hapo muite fundi bomba aifungue, asafishe, aweke silikoni upya.